Nyumba Iliyongoja Vigelegele

Wanangu mnaolishika kapu baada yangu, mmenisumbua niandike, haya, naandika. Nimeketi kibarazani kwangu Kasulu, miguu nimeiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, maana katika kazi yetu miguu ndiyo iliyoumia kuliko mikono. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Hayajazi hata mstari mmoja, na huo mstari ungenitia uchungu bure. Nitawaandikia ile miaka yangu ya kwanza, miaka ya sabini, kwa sababu yote niliyoyajua baadaye nilianza kuyaona wakati ule.

Mpaka leo watu hunichanganya na mkunga. Mkunga huzalisha, Mungu ambariki, kisha hunawa mikono na kwenda zake. Mimi nilikuwa naingia wakati yeye anatoka. Mtoto ameshalia, watu wameshafurahi, kuku ameshachinjwa, na kwenye kona yupo mwanamke aliyelala macho wazi ambaye hakuna anayemwuliza kitu. Huyo ndiye alikuwa kazi yangu. Watoto wa vijijini waliniita Mama Uji, na sikuona sababu ya kuwakatalia.

Nilianza kama mfagiaji wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya misheni. Sista aliyeiongoza wodi alikuwa amechoka kuona jambo moja: mama anaruhusiwa akiwa mzima, mtoto mnene, halafu anarudishwa kwa machela akiwaka homa, au mtoto anarudi amebaki macho na masikio. Akaamua awepo mtu wa kuwafuata nyumbani. Akamchagua Bi Mwajuma, mke wa muuza vitambaa wa Kasulu mjini, ambaye kwao walitoka pwani wakakaa Ujiji. Bi Mwajuma alijua kumtunza mzazi kama alivyojua njia ya jikoni kwake. Kiha ndicho hakukijua, zaidi ya salamu. Kwa hiyo nikaachishwa ufagio nikapewa kapu nilibebe na kumtafsiria.

"Anastazia," aliniambia tulipokuwa tukipanda mlima wa kwanza, akihema, "Kiswahili chako hiki kimepanda milima mingi kikachoka. Lakini tutakwenda nacho hivyo hivyo."

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa upande wa Kitanga. Mzazi alikuwa kwenye ikiriri, yaani ile kona ya nyumba inayozibwa kwa mkeka, moto ukiwaka daima, anamokaa mama na mtoto wake mpaka siku ya kutolewa nje. Niliingia nikaenda moja kwa moja kwa mtoto, kama mtu yeyote. Nilikuwa nimeshainama niseme amefanana na nani, nikahisi gauni langu linavutwa kwa nyuma.

"Huyo kashapata watu," Bi Mwajuma alisema. "Ana bibi, ana shangazi, ana jirani, kila mtu anamtazama yeye. Mzazi ana nani?"

Akapiga magoti kwa mama. Akamshika paji la uso. Akaitazama nguo aliyojifunga ili aone damu inatoka kiasi gani. Akauliza, nami nikatafsiri huku uso umenivimba kwa aibu: umekojoa? Umekula nini, na nani alipika? Umelala? Nani anakuchotea maji? Lile la mwisho ndilo lililomfanya yule mama alie. Alikuwa akiyachota mwenyewe.

Tukachemsha maji. Bi Mwajuma akamkanda yule mama tumbo, mgongo na miguu kwa kitambaa kilichofuka mvuke, kama wanavyofanya kwao pwani, kisha akamfunga tumbo kwa kanga iliyokunjwa. Mama mkwe alikuwa akichungulia juu ya mkeka. Akaniita pembeni akaniuliza kwa Kiha, "Huyu Mswahili anataka kumpika mkwe wangu?" Nilimjibu kwamba anamlainisha tu. Bi Mwajuma aliponiuliza mama mkwe amesema nini, nilimwambia anashukuru. Mkalimani naye ana kazi zake.

Vifaa vyetu msivicheke. Kapu la ukindu, beseni la bati, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, vitambaa vya kanga kuukuu vilivyochemshwa na kuanikwa juani, kipimajoto ndani ya bomba lake, chumvi, unga wa ulezi, kitana. Sufuria tuliazima kwa wenyewe, kwa sababu Bi Mwajuma alisema ukitaka kujua nyumba inakula nini, omba sufuria.

Kifaa kingine hakikuwa kapuni. Ninyi wa mjini mnasalimiana mkipita. Sisi Waha salamu tunaikalia: tunapiga makofi polepole, tunainama, tunaulizana habari za watu, za mbuzi, za shamba, za mvua, kisha tunarudia. Mwanzoni Bi Mwajuma alikuwa akizungusha macho. Baadaye yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza. Nyumba yenye shida, habari ya mtu mmoja huitikiwa haraka mno. Ukiisikia hiyo haraka, huyo ndiye mgonjwa wako. Nimezijua homa nyingi nikiwa bado nje napiga makofi.

Tulipigana pia vita ya maziwa ya kwanza, yale ya njano. Mabibi waliyakamua wakayamwaga wakisema ni machafu, mtoto akapewa maji ya vuguvugu. Sista alitutuma tukahubiri. Mahubiri hayakumgeuza mtu. Bi Mwajuma akabadilisha njia: akawa anamsifu bibi mbele ya watu kwamba nyumba yake haimwagi chakula. Hakuna bibi wa Kiha atakayekubali kuonekana mbele za watu akimwaga chakula.

Kuna mke wa mwalimu mmoja nisiyemsahau. Alikuwa na kila kitu, hata kitanda cha mtoto chenye chandarua, na alilia tangu asubuhi hadi jioni. Mumewe alituambia, akiwa amesimama mlangoni na chaki mkononi, "Sijamfanya kitu, mama zangu. Naapa." Nilingoja Bi Mwajuma atoe dawa. Akatoa kitana. Akamketisha yule mwanamke katikati ya magoti yake, akamfumua nywele, akazichana, akazisuka upya, taratibu, bila kumwuliza neno. Kufika nusu ya kichwa yule mama alikuwa amelala ameketi. Siku iliyofuata tukarudi, tukamsuka tena nywele zile zile. Alipona. Nilimwuliza Bi Mwajuma ilikuwaje. Akasema hajui, ila mtu aliyesukwa na mama yake utotoni kichwa chake hukumbuka. Nimezeeka katika kazi hii na bado mambo ya namna hiyo yananishangaza. Mtu anajifungua mtu, halafu naye anahitaji kulelewa kama amezaliwa siku ile ile.

Baadaye mume wa Bi Mwajuma alirudisha duka Ujiji, na Bi Mwajuma akamfuata. Mimi nikapelekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kibondo, karibu na mpaka, na kapu likawa langu. Nitawasimulia nyumba moja ya huko, kisha niweke kalamu chini. Yaliyofuata mengi mliyaona wenyewe.

Ilikuwa wakati ambao Warundi walikuwa wamevuka kukimbia mauaji kwao. Wengine walipokelewa vijijini, wakagawiwa vipande vya ardhi. Daforoza na mumewe Pasikali walikuwa kati ya hao. Walifika na sufuria moja na blanketi moja. Kijiji kiliwajengea nyumba, wanaume wakakata miti, wanawake wakakandika udongo, na mama mmoja wa jirani, Mama Gwasa, aliwagombeza wote kwamba wanakandika vibaya. Nayaeleza hayo ili mjue kwamba watu wa pale hawakuwa na roho mbaya.

Daforoza alijifungua mtoto wa kike, kimya kimya, mkunga wa zahanati akiwa naye. Mkunga aliniambia kila kitu kilikwenda salama. Zamu yangu ilipofika nikapanda mlima kwa furaha.

Nilipiga makofi mlangoni. Pasikali akatoka. Nikamwuliza habari za shamba, akaniambia. Nikamwuliza habari za mvua, akaniambia kwa kirefu. Nikamwuliza habari za mama wa nyumba. "Yupo," alijibu upesi, akatazama chini.

Ndani moto ulikuwa mdogo. Daforoza alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mtoto alikuwa kifuani kwake ananyonya, anaacha, analia, na kilio chenyewe kilikuwa kimekonda. Utosi wake ulianza kubonyea. Niliminya titi la mama kwa idhini yake: hakuna kitu. Homa hakuwa nayo, damu ilikuwa ya kawaida. Kwenye chungu mlikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa na mwanamume, vimeungua chini na vibichi katikati, na havijaguswa.

Nilifanya niliyoyajua. Nilipika uji wa ulezi, akanywa vijiko viwili akageuza uso. Nilimkanda. Nilimchana nywele hata mkono ukafa ganzi. Siku ya pili nikarudi, ikawa vile vile, ila mtoto hakulia tena sana, na hilo ndilo lililonitisha. Kumpeleka hospitali ya misheni kulitaka gari, na gari la karibu lilikuwa limekwama kwenye tope la barabara ya Kasulu. Mvua haikuonyesha dalili ya kutuhurumia.

"Daforoza," nilimwambia, "nieleze. Unaumwa wapi?"

Akasema akiutazama ukuta, Kirundi chake nikikisikia vizuri maana ni ndugu wa Kiha chetu. "Tulipojenga walikuja wote. Nimezaa, hakuna aliyekuja. Hata ukuni mmoja. Wakipita hapa nje wananyamaza, nasikia miguu yao tu. Basi nimeelewa. Sisi walitutaka kwa kazi za shamba, watoto wetu hawawataki. Na mtoto naye ameelewa, ndiyo maana anaondoka."

Nilitoka mle ndani nimewaka. Nikateremka kwa jirani, nimeshapanga maneno ya kumpasulia Mama Gwasa. Nilimkuta anatwanga muhogo. Akauweka mchi, akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, Mama Uji."

Sasa mtafanya nini? Nami nikapiga makofi. Wanawe wazima? Wazima, wote sita. Mbuzi? Mzima. Shamba? Mvua imezidi. Tulipofika mbuzi kwa mara ya pili hasira yangu ilikuwa imeshapoa nusu, na nadhani wazee wetu waliiweka salamu ndefu kwa sababu hiyo.

"Mama Gwasa," nikasema, "jirani yako amezaa. Mbona hamjaenda?"

"Amezaa?" akauliza kwa sauti ya chini, akatazama huku na huku. "Mimi nasikia kilio cha mtoto, ego, ndiyo. Lakini impundu sijasikia."

Impundu ndivyo vigelegele. Kwetu Kasulu mtoto akizaliwa hupiga yeyote aliyemo ndani. Kwenye mlima ule haikuwa hivyo. Mwenye kuvipiga ni mama wa mzazi, akisimama mlangoni, na kama hayupo basi mwanamke wa ukoo wake. Vikipigwa ndipo mtoto amezaliwa kwa watu, na kila jirani anaruhusiwa kuingia na alichonacho. Visipopigwa, watu hupita mbali na hunyamaza. Huenda mtoto hana maisha. Huenda ndani mna msiba unaofichwa. Kuuliza ni kuita balaa, na kuingia ni kumtukana mzazi.

"Tunangoja watuite," alisema Mama Gwasa. "Tunapita tukinyata tusiwaudhi. Kwani sisi hatuna adabu?"

Akanishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba. Palikuwa na mzigo wa kuni umefungwa kwa kamba ya mgomba. Palikuwa na kikapu cha maharage, kibuyu cha mawese, mkungu wa ndizi ulioiva kupita kiasi, nyuki wameshaukalia. "Tazama ndizi zangu," akasema kwa uchungu. "Zinaoza zikingoja. Na kwa Mama Ntibona vivyo hivyo, na kwa mke wa mwenyekiti. Kila nyumba ina mzigo wake."

Nilisimama pale nikiutazama ule mkungu. Mlima mzima ulikuwa umejaa chakula cha Daforoza, na Daforoza alikuwa anakauka katikati yake, kwa sababu majirani zake walikuwa wanamheshimu.

"Twende ukapige wewe," nikamwambia.

"Mimi ni nani wake? Nimezaa madume sita, Mama Uji. Wake zao wana mama zao. Sijawahi kusimama mlangoni kwa binti hata siku moja." Alisema hivyo akiufuta mchi ambao haukuwa na uchafu. Kisha akatwaa kanga yake. "Twende tumwulize."

Daforoza alimsikiliza akiwa bado ameelekea ukutani. Desturi ile aliijua, maana hata kwao ni hiyo hiyo. Alipogeuka, macho yake yalikuwa makali.

"Oya. Usipige. Pasikali alitaka kukuita, nikamkataza. Mama yangu alibaki kwenye migomba siku tuliyokimbia. Sijui kama yu hai, sijui kama amekufa. Akipiga mwanamke mwingine, nitakuwa nimesema mwenyewe kwamba amekufa."

Kumbe alijua, na yale ya majirani kutowataka alijifunika nayo tu. Alikuwa amechagua njaa kuliko kumzika mama yake kwa kinywa chake. Nilimtwaa mtoto kifuani kwake. Alikuwa kimya mikononi mwangu, mwepesi mno.

Mama Gwasa aliketi chini kwenye udongo. Halafu akasema:

"Mwanamke akiteremka mtoni kuchota maji, akanipa mtoto nimshikie. Huyo mtoto amekuwa wangu?"

"Oya," akasema Daforoza. "Ni wa mama yake."

"Nikimbembeleza wakati mama yake hajarudi, nimemwua mama yake?"

Daforoza akalivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Basi na hizi impundu ni hivyo hivyo. Mimi sizipigi kwa jina langu. Mama yako yuko njiani, mimi namshikia tu. Siku akifika atanidai, nitamwachia mlango, atazipiga zake mwenyewe mpaka achoke. Mwana wanje, mwanangu, niruhusu nimshikie."

Daforoza alimtazama. Kisha akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Mama Gwasa akaenda mlangoni. Nilidhani ataelekea kijijini. Akatokeza nje kwenye manyunyu, akauzunguka ukuta, akaelekea machweo, kule iliko milima ya Burundi. Akaweka mkono mdomoni. Kigelegele cha kwanza kilitoka vibaya, kikavunjika kama sauti ya jogoo anayejifunza. Akakohoa, akajilaani kwa Kiha, akavuta pumzi, akapiga tena. Hicho kilipanda. Sijapata kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu niliyezoea kumsikia akigomba.

Kwa pumzi chache hapakuwa na kitu. Kisha akajibu Mama Ntibona kutoka ng'ambo ya shamba. Akajibu mke wa mwenyekiti. Zikajibu nyumba za bondeni, nyumba moja ikiipokelea nyingine, impundu zikapanda mlima wa pili, wanawake wasiomjua Daforoza kwa sura wakipiga kwa kuwa wamesikia wenzao, zikazidi kwenda upande ule ule wa mpakani. Nilisimama na mtoto kifuani, nikaogopa kama mtu anavyoogopa kanisani.

"Mama Uji," Daforoza aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kustaajabu. Alikuwa ameketi. "Nitazame."

Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili, na bado ililowa, maziwa yakimtiririka hadi tumboni. Hakuwa amekula chochote tangu vijiko viwili vya asubuhi. Madaktari wamenieleza baadaye inavyokuwa, nami nimewaelewa na nimekubali. Hata hivyo kila nikikumbuka hupiga ishara ya msalaba.

Nilimpa mtoto. Akatafuta, akapata, akakwama, maziwa yakamzidi, akapaliwa, akarudi tena. Nje njiani watu walikuwa wameshaanza kuja, nilisikia kuni zikitupwa ukutani na Mama Gwasa akimgombeza mtu kwamba ameleta ndizi mbichi. Daforoza akainua mkono tunyamaze.

"Zimefika wapi?" akauliza.

Nilikwenda mlangoni nikatega sikio. Mbali sana, upande wa mpaka, bado alikuwepo mwanamke mmoja anayepiga, na baada yake mwingine, hafifu zaidi.

"Bado zinakwenda," nikamwambia.

Akaegemea ukuta akasikiliza. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mtoto akimeza.